Kutoka Malindi hadi Lango la Sirimon: wazee wawili, gari moja na Mlima Kenya msimu wa kusi

Kilele cha Mlima Kenya, Batian, kiko mita 5,199 juu ya bahari. Sisi wa Malindi tunalala mita chache tu juu ya maji, sauti ya mawimbi iko mlangoni. Mwongozo huu ni wa wazee wanaotaka kupanda sehemu ya urefu huo, hadi mita 3,300, kwa gari lao, taratibu, na kurudi nyumbani wazima. Kileleni hatwendi.

Nilikuwa muuguzi miaka 32. Mzee wangu alikuwa fundi wa mashine za boti. Mie nina miaka 66, yeye 71. Tumekwenda mara mbili, zote mwezi wa Juni. Safari ya kwanza tulikwenda mbio: siku moja hadi Nairobi, siku ya pili tukalale langoni kwa mlima. Usiku ule kichwa kilinigonga kama kinu, chakula nikakitazama tu, na asubuhi mlima ulipofunuka sikuwa na hamu hata ya kusimama mlangoni kuutazama. Safari ya pili tulihesabu usiku badala ya kilomita, na mambo yakawa mengine kabisa. Kwa hivyo kila hatua hapa chini nimeipanga kwa swali moja: leo tutalala juu kiasi gani?

Hatua ya kwanza: chagua mwezi, kisha chagua upande

Msimu wa chini tunaujua vizuri. Kusi likianza kuvuma mwezi wa Aprili bahari huchafuka, mashua ndogo hupandishwa mchangani, na hoteli nyingi za Malindi hufunga hadi Julai. Mlimani nako wageni hupungua miezi hiyo hiyo. Lakini Aprili na Mei ni masika, na masika ya mlimani ni tope la kumeza tairi, ukungu wa kutwa na njia za ndani kukatika. Mzee asiende. Novemba nayo ni vuli, afadhali kidogo, lakini unaweza kukaa siku nne usione hata ncha ya mlima.

Pengo letu ni nusu ya pili ya Juni. Mvua kubwa zimepungua, watoto wako shuleni, na wageni wa ng'ambo hawajaanza kumiminika. Baridi ipo, tena kali, ila baridi ina dawa yake; tope halina. Januari na Februari ndiyo miezi ya anga safi kuliko yote, lakini ni msimu wa juu na bei yake ni ya juu pia.

Upande nao ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Upepo ule ule unaovuma kwetu kutoka baharini hufika mlimani umebeba maji, ukayamwaga zaidi upande wa mashariki na kusini. Njia ya Chogoria, iliyo mashariki, inasifiwa kwa uzuri kuliko zote, lakini ndiyo inayolowa zaidi. Naro Moru, magharibi, ni afadhali. Sirimon, kaskazini-magharibi, imejificha nyuma ya mlima, na ndiyo kavu kuliko zote tatu. Lango la Sirimon liko mita 2,650 hivi, barabara ya kulifikia haina mambo mengi, na pana mabanda ya kulala ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, papo hapo. Kwa wazee, msimu wa chini, Sirimon. Sina shaka na hilo.

Hatua ya pili: nendeni hospitali wote wawili, wiki sita kabla

Hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo kazi niliyoifanya maisha yangu yote.

Hewa ya juu ni nyepesi. Kila ukivuta pumzi unapata oksijeni kidogo kuliko ulivyozoea, na mwili hujirekebisha kwa kupumua haraka na kuupigisha moyo mbio. Mwili wa kijana na wa mzee hujirekebisha kwa namna moja. Tofauti ni kwamba mzee mara nyingi ana moyo, mapafu au figo zilizokwisha kuchoka kabla ya safari kuanza, na mwenyewe hana habari.

Mwambie daktari wazi: nakwenda kulala mita 2,650 na kupanda siku moja hadi mita 3,300. Usiseme tu kwamba unakwenda kutembea bara. Pimeni presha, sukari, na wingi wa damu. Mwenye upungufu wa damu huko juu atahema akifunga kamba za viatu. Kwetu Kaunti ya Kilifi ugonjwa wa seli mundu uko katika nyumba nyingi. Mwenye ugonjwa huo asiende kabisa, na mwenye kubeba vinasaba vyake bila kuugua amuulize daktari kwanza. Aliyepata mshtuko wa moyo au kiharusi karibuni, au anayepumua kwa shida akipanda ngazi za nyumbani, mlima autazamie Nanyuki, mji ulio chini yake. Unaonekana vizuri kutoka huko.

Kama unameza vidonge vya presha vya kukojosha, uliza namna ya kuvitumia, kwa sababu hewa ya juu ni kavu na maji ya mwili hupungua bila ya wewe kutoka jasho. Vidonge vya usingizi viacheni nyumbani. Hupunguza kupumua usiku, na usiku ndipo oksijeni hushuka zaidi. Ipo dawa ya kuzuia maradhi ya mwinuko, asetazolamaidi, lakini ni ya kuandikiwa na daktari, na mwenye mzio wa dawa za salfa lazima aseme.

Wenye kisukari wasikilize hili. Insulini ikiganda imeharibika, hata ikiyeyuka tena. Usiku walale nayo chini ya blanketi, mchana ikae mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Kipimo cha sukari nacho kikipigwa na baridi hugoma au husema uongo. Kipashe moto mkononi kwanza.

Dawa bebeni za safari nzima na za siku tano zaidi, na mzigawe mara mbili: nusu kwenye mkoba wa mama, nusu kwenye mkoba wa baba. Mie hubeba pia mashine ya presha na kile kipimo kidogo cha oksijeni cha kidoleni.

Hatua ya tatu: gari

Gari la pwani lina adui wake, chumvi. Mzee wangu huanza chini: mabomba ya breki, maungio ya ekzosi, vichwa vya betri vilivyoota ule unga wa kijani. Betri inayowaka vizuri Malindi inaweza kukataa kabisa asubuhi ya baridi ya Sirimon, kwa hivyo ikiwa imezeeka badilisheni kabla. Waipa ziwe mpya, taa za ukungu ziwake, kipasha joto cha ndani kijaribiwe. Sisi chetu hakikuwa kimewashwa hata siku moja tangu gari linunuliwe. Tulipokiwasha, kilitoa vumbi na harufu ya panya.

Injini nayo huhema mlimani kama mtu. Isiyo na turbo hupoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Usiikanyagie; teremsha gia, iache ipande inavyotaka.

Hadi lango la Sirimon gari dogo lililoinuka kidogo linafika kukiwa kukavu. Juu ya lango nendeni na gari la kuvuta magurudumu yote manne, lenu au la kukodi Nanyuki pamoja na dereva wake. Sisi letu tuliliacha langoni, na sikuona sababu ya kulijutia.

Hatua ya nne: nguo na chakula

Hesabu ya baridi ni rahisi. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, toa nyuzi sita. Malindi mchana wa Juni ni nyuzi 28. Langoni toa 16, zinabaki 12, na huo ni mchana. Usiku kuna sakitu kwenye majani.

Msinunue makoti ya dukani. Kwa wauza mitumba wa kwetu koti zito ndilo la mwisho kuuzwa, maana nani alitake? Nendeni asubuhi balo linapofunguliwa, mtayapata kwa bei ya kutupa. Kila mmoja apate fulana mbili za mikono mirefu za kulalia mwilini, sweta la sufi, koti lisilopitisha maji, soksi nzito jozi nne na boshori ya kufunika masikio. Nguo tatu nyepesi zilizopandana zina joto kuliko moja nzito. Viatu viwe vya kufunika kifundo, vilivyokwisha kuvaliwa nyumbani. Makubadhi yabaki kwa hoteli. Akina mama, chini ya buibui vaeni suruali nzito, na buibui lenyewe liwe fupi kidogo, kwa sababu pindo likishalowa tope linakuwa zito na linakutega ukishuka. Leso bebeni nyingi. Leso ni skafu, taulo, kitambaa cha kufungia mkate, na usiku ni mshipi wa kiuno kinachouma.

Chakula cha njiani ni kile tunachokijua: mahamri, tende, kachiri, halwa kidogo, chupa ya kahawa ya tangawizi. Mbaazi zichemsheni kabisa nyumbani mzigandishe. Langoni maji huchemka kwenye nyuzi 91 hivi badala ya 100, na mbaazi mbichi zitakaa motoni hadi gesi iishe. Wali nao uongezeeni maji na muda.

Mafuta ya nazi msiyabebe kwenye chupa ya shingo nyembamba. Mie niliyaweka kwenye chupa ya soda, mepesi, yanacheza kama maji. Tulipoamka Nairobi yalikuwa yamefanya ukungu mweupe chini. Nanyuki yalikuwa jiwe. Mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi 24, na kwetu Malindi joto halikai chini ya hapo muda mrefu, ndiyo maana wengi hatujawahi kuyaona hivyo. Nilikaa na kijiti nikiyachokoa kama mtu anayetafuta kito. Chukueni kopo la mdomo mpana.

Hatua ya tano: mahali pa kulala

Msimu wa chini mna nguvu ya kujadiliana, itumieni. Mapokezi wakitaja bei, ulizeni kwa upole: na ya msimu huu? Na ya wazee wakazi wa nchi? Ukikaa siku tatu badala ya moja mara nyingi huteremka tena. Mabanda ya KWS ya Sirimon pamoja na ada za kuingilia hulipwa kwa mtandao kupitia eCitizen, langoni hakupokelewi pesa taslimu. Kama simu hizi zinawashinda, mkalisheni mjukuu, lipeni mkiwa nyumbani, na risiti mzitoe kwenye karatasi. Vitambulisho vya taifa msivisahau, ndivyo vinavyowapa bei ya raia.

Swali la kuuliza kabla ya kutuma hata shilingi ya M-Pesa ni hili: maji ya moto yanapashwa na nini? Safari ya kwanza nyumba moja ya wageni karibu na Nanyuki ilituhakikishia maji moto saa zote. Ni kweli walikuwa na mtambo wa sola juu ya paa, lakini jua halikuwa limetoka siku tatu, na maji yalitoka bombani baridi ya kuuma mifupa. Pesa yetu ilikuwa imekwishapokewa. Tangu hapo nauliza: sola, umeme au kuni? Jibu likiwa sola peke yake, naomba ndoo ya maji ya kuchemshwa iandikwe kwenye makubaliano. Ulizeni pia kama chumba kiko chini, kama kina jiko la kuni lenye bomba la moshi, na kama choo kiko ndani. Usiku wa baridi mzee huamka mara tatu.

Na sasa jambo ambalo ningependa kila mtu wa pwani alishike kabla ya kupanda bara. Msiingize jiko la makaa chumbani. Hata kidogo, hata dakika kumi, hata makaa yakiwa yameshawaka mekundu bila moshi. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, haikuwashi koo. Inakulevya usingizi, na usingizi huo hauna kuamka. Watu hufa hivyo Kenya nzima kila baridi inapokuja. Sisi hatujazoea kufunga madirisha. Nyumba zetu zina upepo mchana na usiku, na chetezo cha udi hakijatudhuru. Huko juu mtafunga kila tundu. Kwa hivyo hata udi wenu ufukizeni nje kwenye kibaraza, nguo zifukiziwe huko, kisha chetezo kibaki huko huko. Mkitaka joto la kitandani, jazeni maji ya moto kwenye chupa ya mpira, ifungeni kwa leso, iwekeni miguuni nusu saa kabla ya kulala. Inatosha kabisa.

Hatua ya sita: barabara, kwa usiku tatu

Usiku wa kwanza, Voi. Tokeni Malindi baada ya swala ya alfajiri. Mkivuka daraja la Kilifi, msiendelee hadi Mombasa. Kateni kulia Mavueni, mpitie Kaloleni mtokee Mariakani. Mnakwepa foleni yote ya Mtwapa na Nyali, na mnapita katikati ya minazi ya Wagiriama, kijani tupu mwezi wa Juni. Rabai haiko mbali na hapo. Mmisionari Ludwig Krapf aliishi huko, na ni kutokea huko alikokwenda hadi nchi ya Wakamba, akauona Mlima Kenya na theluji yake mwaka 1849, akasema, na kuna wasomi wa Ulaya waliokataa kuamini theluji ikweta. Mzee wangu hunikumbusha kila tukipita: mwenzetu huyo alikwenda kwa miguu.

Mackinnon Road simameni kwenye msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, kando ya barabara kuu. Wasafiri wa dini zote husimama hapo. Mna kivuli, maji na mahali pa kujinyoosha mgongo. Voi mtafika adhuhuri au kidogo baadaye, kama kilomita 235 kutoka nyumbani. Laleni. Najua mtu atasema bado mapema, twende tu. Msiende. Barabara ya Mombasa usiku ni ya malori, na macho ya miaka 70 hayatoki haraka kwenye mwanga wa taa za mbele.

Usiku wa pili, Nairobi au viunga vyake. Hii ndiyo siku ndefu, kilomita 330 hivi, na hapa ndipo mwili unapoanza kupanda: Voi ni kama mita 600, Nairobi ni 1,700 na ushei. Simameni Makindu kwenye hekalu la Masingasinga. Huwalisha wasafiri bila kuuza, chapati na dengu, hakuna nyama. Unavua viatu, unafunika kichwa, unakaa, unakula, na ukitaka unaacha sadaka yako. Baada ya hapo nyosheni miguu kila saa na nusu. Kukaa kitako kutwa hugandisha damu kwenye miguu ya wazee, na mie nimeona inavyoishia.

Asiyeweza kuendesha umbali huu apande Madaraka Express kutoka Mombasa, akodi gari na dereva Nairobi. Si aibu.

Usiku wa tatu na wa nne, Nanyuki. Kutoka Nairobi ni kilomita 200: Thika, Kenol, Sagana, Karatina, kisha Naro Moru. Karatina nunueni viazi, karoti na vyondo vya wajukuu, soko lake ni kubwa na bei ni ya shambani. Kabla ya kuingia Nanyuki mtaona kibao cha ikweta. Vijana wenye bakuli la maji watawaonyesha vijiti vikizunguka huku na huku. Wapeni kitu kidogo muendelee.

Hatua ya saba: Nanyuki, kaeni bila kufanya kitu

Usiku mbili. Mko mita 1,900 na kitu, na mwili unatengeneza. Kunyweni maji kuliko mnavyohisi kiu, mkojo uwe mwepesi wa rangi. Tembeeni sokoni, nunueni nyama ya halali kwa Waislamu wa mji, misikiti ipo, rudini mlale. Pimeni presha asubuhi na jioni mwandike. Hapa ndipo mahali pa kutafuta kijana wa kuwaongoza mlimani, kupitia hoteli yenu au langoni kwa askari. Msipande bila mwenyeji. Na hapa ndipo iliko hospitali kubwa ya karibu, Hospitali ya Rufaa ya Nanyuki. Pitieni mlango wake mara moja mkiwa wazima, mjue njia.

Hatua ya nane: langoni

Kutoka Nanyuki fuateni barabara ya Timau, kilomita 15 hivi, kisha kateni kulia, kilomita kumi hivi hadi langoni. Fikeni kabla ya saa saba mchana. Siku hiyo msitembee zaidi ya mita mia chache kuzunguka mabanda. Kima watakuja. Ni jamaa wa wale wa magofu ya Gede, na tabia ni zile zile: mkate ukiuacha mezani si wako tena. Mbega weusi wenye mkia mweupe hukaa juu ya mitarakwa na hawana haja na nyinyi. Nyati na tembo wapo kweli, kwa hivyo Magharibi ikiingia kaeni ndani, hata choo kikiwa hatua mbili nje. Ndiyo sababu nilisema kiwe ndani.

Maji ya udhu yapasheni. Kibla huko ni kaskazini, karibu sawa na kwetu, na kwa kuwa lango liko upande wa kaskazini wa mlima, mtaswali mlima ukiwa mgongoni. Nilipotoa salamu alfajiri ya safari ya pili na kugeuka, Batian na Nelion, kilele cha pili, zilikuwa zimesimama kwenye anga la zambarau, theluji imeshika mwanga wa kwanza kabla sisi hatujauona. Mzee wangu alikuwa bado amekaa kwenye mkeka. Sikumsemesha.

Hiyo ndiyo saa yenyewe. Mlima hufunuka alfajiri, na ifikapo saa tatu au saa nne asubuhi mawingu yameufunika. Mtu anayeamka saa mbili akanywe chai kwanza anaweza kukaa wiki nzima asiuone.

Hatua ya tisa: siku ya kupanda

Ngojeni usiku wa pili langoni upite, kisha asubuhi ya siku inayofuata pandeni kwa gari la kukodi hadi kambi ya Old Moses, mita 3,300, kama kilomita tisa. Tokeni saa kumi na mbili na nusu. Msitu wa mitarakwa hupungua taratibu, miti inakuwa mifupi na yenye ndevu za kuvu, kisha ghafla mko wazi, majani ya kijivu hadi upeo wa macho. Pakiti ya krispi tuliyotoka nayo Malindi ilikuwa imevimba kama puto. Hewa iliyofungwa ndani ni ya kwetu, na ya nje ni nyepesi, haitoshi kuizuia.

Mkishuka garini, tembeeni mwendo wa jeneza. Hatua, pumzi, hatua, pumzi. Kijana wetu, aliyekuwa akiniita shosho, yaani bibi, na mzee wangu guka, yaani babu, alitupa kipimo kizuri: mkishindwa kuzungumza mnatembea mno. Kaeni saa moja, mnywe kahawa, mpige picha, mshuke. Kipimo changu cha oksijeni cha kidoleni kilisoma asilimia 89 pale; langoni kilikuwa 93, nyumbani ni 98. Kwa urefu ule si ajabu, maadamu mtu anajisikia vizuri. Namba peke yake haimshushi mtu, ila hali yake.

Hali zenyewe ni hizi. Kichwa kuuma kidogo, hamu ya chakula kupungua: acheni kupanda, mnywe maji, mpumzike. Kutapika, kichwa kisichosikia dawa: shukeni. Kuyumba kama mlevi, kuongea ovyo, kukohoa povu, au kuhema ukiwa umekaa: shukeni dakika hiyo hiyo, hata iwe usiku, hata mwenyewe aseme hajambo. Mzee mwanamume hasa atasema hajambo. Mwambieni atembee hatua kumi kisigino kwa kidole kwenye mstari ulionyooka; akishindwa, mjadala umekwisha, muingizeni garini.

Hatua ya kumi: kushuka

Kutoka Old Moses dereva atumie gia ndogo njia nzima. Breki zikikanyagwa mfululizo huchemka zikaacha kushika. Usiku huo laleni Nanyuki, kisha barabara ni ile ile, Nairobi, Voi, nyumbani. Kushuka hakuhitaji mwili kuzoea, lakini dereva ni yule yule na umri ni ule ule, kwa hivyo usiku za njiani msizipunguze. Presha endeleeni kuipima wiki nzima baada ya kufika.

Kopo la mafuta ya nazi safari ya pili nililiweka mbele kwenye dashibodi. Lilitoka Nanyuki jeupe na gumu, likapita Nairobi jeupe na gumu. Tulipokaribia Mtito Andei mzee wangu alifungua kioo cha gari, joto likaingia, na pembeni mwa kopo ukaanza kuonekana mstari mwembamba unaong'aa.